Siku moja mto Pere Marquette, na mwongozaji anayehubiri botini

Nianze na fedha za safari yetu ya kuvua samaki huko Michigan, Marekani, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kanisani. Boti kwa siku nzima, watu wawili, ni dola 500. Kati ya hizo, 150 unazitanguliza siku ya kuweka nafasi, na hazirudi hata mvua inyeshe mawe. Bahshishi ni hiari yako; sisi tulitoa 100. Leseni ya kuvua unajinunulia mwenyewe: kwa mkazi wa Michigan mimi nililipa dola 26 za mwaka mzima, ila ya zamani inakufa tarehe 31 Machi, kwa hiyo ukienda Aprili kama sisi usijidanganye na ile iliyobaki kwenye pochi.

Tulikwenda wawili: mimi na mzee mmoja wa kanisa letu la Waswahili hapa Grand Rapids, mtu wa Uvira, Kongo, aliyekulia kwenye mitumbwi ya Ziwa Tanganyika. Nilimwonyesha tangazo la mwongozaji wa uvuvi kwenye simu baada ya ibada: picha ya samaki mkubwa, na chini yake Yohana 21. Jumapili iliyofuata akanishika mkono mlangoni. "Mwanangu, huyo mzungu anayevua na Biblia, tunaenda lini?"

Unapanda barabara ya M-37 kuelekea kaskazini, mwendo wa saa moja na nusu hadi Baldwin. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kando ya daraja, giza bado, baridi inauma masikio. Mwongozaji (jina silitaji, kwa kuwa nina malalamiko yangu huko mbele) ni mtu wa makamo, vidole vimepasuka kwa maji. Alivua kofia akaomba nusu dakika: uzima, hali ya hewa, na tuwatendee vyema samaki. Kisha akatugawia suruali za mpira zinazofika kifuani. Ya mzee ilikuwa kubwa mno, ikabidi ifungwe kamba kiunoni.

Boti haina injini. Omo na tezi zimeinuka, kitako bapa, na mwenyewe anakaa katikati akipiga makasia kinyume na mkondo ili boti ishuke polepole kuliko maji. Kutoka daraja la M-37 hadi kituo cha boti cha Gleason's Landing sheria ya jimbo inaruhusu nzi bandia tu, yaani ndoana iliyovishwa uzi au manyoya badala ya chambo halisi, na kila samaki lazima arudishwe majini. Nilipomtafsiria mzee hilo, alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo tumelipa dola mia tano kuja kumsalimia samaki?"

Samaki wenyewe ni stilihedi, yaani trauti anayekulia kwenye maji makubwa kisha akapanda mtoni kuzaa. Ufito ni wa futi kumi. Kwenye mshipi kuna boya dogo la rangi ya chungwa, chini yake chubwi mbili, halafu ndoana mbili: moja imeviringwa uzi wa pinki ifanane na yai la samaki, nyingine ina manyoya meusi mithili ya mdudu wa chini ya mawe. Kazi yako ni kulitazama boya, likisita, unavuta. Saa mbili za kwanza nilivuta mawe, mizizi, na mara moja suruali ya mzee.

Ilipogonga saa nne boya likasita tena. Nikavuta, nikajua ni jiwe, jiwe likaondoka. Rili, gurudumu la kukunjia mshipi, ilipiga kelele, ubavu wa fedha ukaruka juu ya maji, mara moja tu, kisha akashuka na mkondo moja kwa moja chini ya mti ulioanguka. Nilibaki na ufito ulionyooka. Mwongozaji alivuta mshipi uliobaki, akafunga ndoana mpya kabla sijamaliza kujitetea. Nilishukuru hakuniambia kuwa ni mpango wa Mungu. Aliniambia nilikaza mno.

Muda mfupi baadaye ikatokea jambo ambalo nimelisimulia kuliko hata samaki. Kwenye kona moja maji yalikuwa ya kina cha goti, na chini kulikuwa na doa la kokoto nyeupe, safi kana kwamba mtu amezisugua. Juu yake jike alikuwa akilala ubavu, anapiga mkia, anachimba mahali pa mayai. Nyuma yake madume mawili yanasukumana. Mzee akasimama botini, jambo tulilokatazwa asubuhi. "Mwambie asimamishe! Mwanangu, mwambie, wale pale!" Mwongozaji alikuwa ameshawaona kabla yetu. Hakutia nanga. Aliizungusha boti ikapita ukingo wa pili, mbali kadiri mto ulivyoruhusu, akasema hawa wako kazini, tuwaache. Dakika chache nyuma yetu ikaja boti nyingine, ikatia nanga palepale, watu wakaanza kurusha. Hakuna sheria waliyovunja. Yeye aligeuka mara moja tu, akaendelea na makasia. Kumbuka hadi hapo hatujashika kitu, na bahshishi yake ilikuwa bado mfukoni mwangu. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mistari ya Biblia kwenye tangazo haikuwa imenifikisha.

Sasa malalamiko. Chakula cha mchana kililiwa kwenye kichanga, jiko dogo la gesi, soseji na supu ya maharage, vizuri kabisa. Ila kilikuja na mahubiri ya dakika arobaini, na kwenye boti ya mtu, katikati ya msitu, huna mahali pa kutokea. Alisema samoni wa Pasifiki akishazaa hufa, dume na jike, na mizoga yao inaulisha mto. Kifo hicho akakifananisha na msalaba. Stilihedi naye anaweza kuzaa, akapona, akarudi ziwani na kupanda tena mwaka mwingine. Huyo akawa ufufuo. Tashbihi nzuri. Dakika kumi zingeitosha.

Na aliacha kipande ambacho mimi nakiona kitamu zaidi: hao wote si wa hapa. Stilihedi waliletwa Michigan kutoka pwani ya Pasifiki katika miaka ya 1870. Samoni aina ya coho walipandikizwa 1966, chinook mwaka uliofuata, ili wawale samaki wadogo wa baharini waliokuwa wamejipenyeza Ziwa Michigan na kuzaana hadi, kiangazi cha 1967, mizoga yao ikarundikana fukweni na kunuka. Leo mto huu haupandikizwi tena samoni wala stilihedi, wanazaliana wenyewe. Nilipomweleza mzee hayo akacheka. "Kumbe ni wakimbizi wenzetu, na wana watoto hapa."

Kisha mwongozaji akamgeukia mzee, akamuuliza, kwa upole lakini kama vile anaongea na mtu asiyewahi kusikia, iwapo amempokea Yesu. Nilitamani maji yanimeze. Huyu mzee amebatiza watu wengi kuliko samaki tuliowaona siku ile. Nikatafsiri. Mzee akafuta supu mdomoni. "Mwambie mimi nilizamishwa ziwani kabla yeye hajazaliwa, na aliyenizamisha alikuwa mvuvi." Mwongozaji aliiva mashavu, akaomba radhi mara mbili, akampa mkono, kisha akamwomba ashukuru kwa chakula. Mzee akaomba kwa Kiswahili, na mnajua akianza. Supu ilipoa. Yule bwana alisimama kofia mkononi mpaka mwisho, bila kuelewa neno ila "Amina", na nyuma yake samaki akaruka bila hata mmoja wetu kufungua macho, ila mimi.

Baada ya hapo maongezi yalikuwa ya watu sawa. Mzee alitaka kujua mbona mtu wa Yohana 21 anavua kwa ndoana, wakati pale wanafunzi wanatupa jarife na kuvuta samaki 153. Ndoana katika Injili, akasema, ni ile ya Petro katika Mathayo 17, na alitumwa kutafuta hela ya kodi. Mwongozaji akasema basi na yeye ni hivyohivyo, na akaitaja serikali kwa namna ambayo sitaitafsiri. Nilipouliza jina la mto, akatuambia habari za padri Jacques Marquette, Mjesuiti Mfaransa aliyekufa 1675 kwenye mwambao wa ziwa hili akiwa na miaka 37, akijaribu kurudi St. Ignace kwenye misheni aliyoianzisha. Ni Mbaptisti anayesimulia habari za padri, na aliisimulia vizuri kuliko ile hotuba, labda kwa kuwa hakuwa akitaka kitu kutoka kwetu.

Saa nane mchana nikampata wangu: dume, inchi 28, shavu jekundu, mstari wa waridi ubavuni. Dakika kumi na mbili za kumfuata huku na huku. Hakuinuliwa nje ya maji hata kidogo. Mwongozaji alilowesha mikono kwanza ndipo akamgusa, akachomoa ndoana kwa koleo, akaniambia nimshike penye shina la mkia, kichwa kielekee mkondo unakotoka. Yavuyavu yalifunguka, yakafunga. Nikahisi msuli unajikaza ndani ya kiganja, na kiganja kikawa kitupu.

Mzee hakushika hata mmoja. Ameweka nafasi tena Septemba, chinook wakipanda, kwa sharti kwamba twende sehemu ya chini ya mto, ambako unaruhusiwa kubeba samaki nyumbani. Mimi nimemwandikia mwongozaji sharti langu: mahubiri dakika kumi. Amejibu kumi na tano, na suruali ya kumtosha mzee.