Football Manager 2024: kinda wa nyota tano au mkongwe wa mkataba wa mwaka mmoja?

Dirisha la usajili likikaribia kufunguliwa, kila kijiwe cha kahawa hupata makocha wapya. Huyu anadai klabu isajili watu waliokomaa ambao hawatatetemeka ugenini Cairo au Casablanca, na yule anajibu kwamba wazee wanakuja kula pesa ya mwisho, heri makinda watakaouzwa kwa faida. Football Manager 2024, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na Sports Interactive ya London na kuchapishwa na Sega mwezi Novemba 2023, unamweka mbishi huyo kwenye kiti cha meneja na kumkabidhi bajeti. Mimi nimekaa kwenye kiti hicho kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa kuwa toleo la 2025 lilifutwa Februari mwaka huo kabla ya kufika sokoni, na wachezaji wake tukabaki na hili la 2024. Sitatathmini picha zake wala kelele za mashabiki. Ninachotaka kupima ni kama mchezo huu unalitendea haki swali la mkongwe na kinda.

Kila mchezaji amepewa sifa zinazopimwa kutoka 1 hadi 20, kama vile kasi, stamina, pasi, maamuzi na utulivu mbele ya lango. Nyuma ya sifa hizo kuna namba mbili ambazo meneja haonyeshwi, zote zikiwa na kikomo cha 200: uwezo alionao mchezaji leo, na uwezo wa juu kabisa ambao anaweza kuufikia maishani. Skauti hukuletea nyota badala ya namba, na kadiri anavyomfahamu mchezaji kidogo ndivyo makadirio yake yanavyotanuka. Kinda anaweza kuelezwa kuwa atafikia nyota mbili au tano, maelezo ambayo kwa mtu mwenye bajeti finyu hayana tofauti kubwa na ramli. Mkongwe hana fumbo hilo, kwani unachokiona ndicho kilichopo. Swali lake ni kitadumu kwa miezi mingapi.

Nilichukua timu ndogo ya ligi kuu ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo nchi pekee ya bara letu ambayo ligi zake zinachezeka bila kuongeza faili zinazotengenezwa na wapenzi wa mchezo. (Mashabiki wa Simba na Yanga wanaotaka kuwanoa watoto wao wa nyumbani itabidi wazitafute faili hizo kwanza.) Dirisha la kwanza nilikuwa na fedha ya mtu mmoja na majina mawili mezani. La kwanza lilikuwa la kiungo mkabaji wa miaka 34 aliyekuwa mchezaji huru, kasi 8 na stamina 10, lakini maamuzi 15 na kujituma 17, ambaye alidai mkataba wa mwaka mmoja kwa mshahara unaozidi ule wa nahodha wangu. La pili lilikuwa la winga wa miaka 18, kasi 16, chenga 14, maamuzi 6, ambaye klabu yake ilitaka ada ya uhamisho kwa awamu pamoja na asilimia 30 ya mauzo yake ya baadaye. Nilizungushazungusha bajeti ya mishahara hadi wote wawili wakaingia, na ndipo mchezo huu uliponionyesha ubora wake.

Katika mechi ya kwanza winga alimpita beki wake mara nne, na mara zote nne krosi yake ikaishia mikononi mwa kipa. Mkongwe, kwa upande wake, hakuonekana akikimbia popote. Alikamilisha pasi 61 kati ya 66, akasimama mbele ya mabeki wake kama mlinzi wa geti asiye na haraka, na dakika ya 63 alama ya uchovu ilipoiva nikamtoa, jambo lililofuatiwa na bao tulilofungwa kupitia nafasi ileile aliyokuwa akiilinda. Hakuna takwimu iliyonieleza kwamba tumefungwa kwa sababu yeye ametoka. Ilinibidi niirudie picha ya mechi ili nione pengo.

Faida kubwa zaidi ya mkongwe, hata hivyo, haikuwa dimbani. Sehemu ya mazoezi inakuruhusu kuunda vikundi vya wachezaji watatu au zaidi, ambamo vijana huiga tabia za wenye hadhi kubwa kikosini. Nilimweka winga na mkongwe kundi moja, na kufikia Machi kujituma kwa winga kulikuwa kumepanda kutoka 9 hadi 12, bila ya mimi kutumia hata senti ya ziada. Watengenezaji wamekuwa waangalifu kiasi cha kukubali pia kinyume chake: mkongwe mvivu, anayekuja mazoezini kutimiza ratiba, humharibu kijana kwa njia ileile. Kwa hiyo umri peke yake hausajiliwi. Inakubidi umuulize skauti kuhusu tabia ya mtu kabla ya kuuliza kuhusu miguu yake.

Kosa nililolifanya baadaye lilikuwa la kwangu mwenyewe. Baada ya kumaliza nafasi ya tano, nililewa sifa na msimu wa tatu nikawa na watu watano waliovuka miaka 32 katika kikosi cha kwanza. Hadi Februari tulikuwa tukipigania ubingwa, na Aprili, ratiba ilipobana kwa mechi mbili kwa wiki, watatu kati yao walikuwa kwa daktari na wengine wawili wakipumua kwa shida kila ilipofika dakika ya 60. Tulimaliza nafasi ya saba, mikataba ikaisha, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeacha fedha ya kumnunua mrithi wake. Winga ndiye aliyeuzwa Ubelgiji na kuliokoa daftari la hesabu.

Nina shaka, hata hivyo, na namna mchezo unavyoushughulikia ukuaji. Kikomo cha uwezo wa kijana hupangwa siku unapoanza, na ingawa kwa baadhi ya makinda namba hiyo huchaguliwa upya ndani ya viwango fulani kila unapofungua mchezo mpya, ikishawekwa haisogei. Maisha hayana dari iliyopigwa misumari hivyo. Mzaliwa wa Kinshasa Tonton Zola Moukoko, kijana wa Derby County, alikuwa mfalme ndani ya Championship Manager 2001/02, mchezo wa watengenezaji hawahawa, lakini katika uhai halisi hakucheza hata mechi moja ya ligi katika kikosi cha kwanza cha Derby. Upande wa pili yupo Meddie Kagere, ambaye alitua Simba mwaka 2018 kutoka Gor Mahia akiwa amevuka miaka 30, kisha akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa misimu miwili mfululizo, mabao 23 na halafu 22. Ndani ya mchezo, mshambuliaji wa umri huo huanza kupoteza kasi kwa utaratibu kama saa ya ukutani, na meneja mzoefu humkimbia.

Kwa upande wa fedha uhalisia umekaribiwa vizuri zaidi. Chelsea walimpata Thiago Silva bila ada mwaka 2020 akiwa na miaka 35, wakatwaa naye Ligi ya Mabingwa 2021, na wamiliki waliofuata wakageukia vijana kwa mikataba ya miaka saba na minane. Ukiziiga njia hizo mbili ndani ya mchezo utaona kile kinachouma: mkataba wa mkongwe huisha wenyewe, ilhali mkataba mrefu wa kinda aliyegoma kukua utakutazama kila mwisho wa mwezi.

Maandishi ni mengi mno, Kiswahili hakimo kati ya lugha zake, na kompyuta dhaifu itachelewa ukifungua ligi nyingi kwa pamoja. Toleo la simu, lililo jepesi zaidi, lilipatikana kwa wateja wa Netflix.

Yule kiungo wa miaka 34 alistaafu na nikampa kazi ya kufundisha vijana wa chini ya miaka 18, ingawa kipimo chake cha kufundisha ufundi ni 9 kati ya 20. Jana skauti wangu aliniletea jina la winga wa miaka 17 kutoka Durban, nyota mbili hadi tano.