Kadi ya Biblia ya sauti, nimenunua hapa Mtwara mjini

Jamani wale mnaopenda Neno ila macho yanasumbua, hii kadi inafaa sana. Unaichomeka tu kwenye simu au redio ndogo, haitaki bando, mi nasikiliza shambani tukipalilia mikorosho. Agano la Kale ndo limenishika, msomaji hana haraka, akifika 1 Wafalme 17 Eliya yuko kijito cha Kerithi kunguru wanamletea mkate na nyama, afu kijito kinakauka, na Mungu anamtuma kwa nani, kwa mjane wa Sarepta aliyebakiwa na konzi moja ya unga! Yani sio kwa tajiri, na ule unga haukuisha. Habakuki 3 ndo usiseme, mtini hauchanui, zizini hamna ng'ombe na bado anasema atamfurahia Bwana, mtu ambae ukungu umempigia korosho msimu mzima anaelewa hayo bila kuelezewa.

Kasoro ni mpangilio, Zaburi zimechanganyika, kuitafuta ya 23 unabonyeza mpaka unachoka. Bei ya kawaida, mwambie muuzaji akujaribishie kwanza kabla hujalipa.