Nimesafisha picha ya bibi yangu Mtwara baada ya kushindwa Torino

Naanza na jibu kabla ya stori. Kama una picha ya mtu wa kwetu, mweusi haswa, mzee mwenye nembo zake usoni, zile chale za jadi, na unataka itoke kwenye karatasi kama alivyo, ipeleke kwa mzee wa picha pale Mtwara mjini upande wa soko kuu. Bango lake limefutika siku nyingi, ubao wa picha za maharusi uliopo nje umepauka na jua, we uliza tu "kwa mzee wa picha" hata bodaboda wa Mkanaledi watakupeleka. Nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyokata ntaieleza.

Mi ni mpiga picha, mtoto wa hapahapa, baba Mmakonde wa Newala mama wa Mikindani, ila huu mwaka wa tisa naishi Torino, Italia ya kaskazini. Watu wakisikia Italia wanawaza bahari. Torino haina bahari, ina mto Po unapita mjini na milima ya Alpi inaonekana na theluji yake mwisho wa barabara siku hewa ikiwa safi, na mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, yani umetoka na kamera saa nane unapanga utapiga hiki na kile mara giza. Mwaka wa kwanza sikujua kupiga picha kule. Mi nimezoea jua letu la utosini, unamtafutia mtu kivuli cha mwembe ndo unampiga, kule kivuli kiko kila mahali, barabara za katikati ya mji zina mabaraza marefu yenye matao pande zote unatembea mvua inanyesha wala haikugusi, mwanga unaingia kwa ubavu, laini, baridi, nilikaa miezi nikiuangalia tu.

Na kazi yenyewe ya kupiga picha ugenini si kamera peke yake. Ukifika una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kukaa, fomu zinachukuliwa posta, unabandika stempu ya serikali ya euro 16, unapangiwa siku ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, alafu unasubiri. Ukitaka kujiajiri unafungua namba ya kodi ya biashara wanaita partita IVA, ukiwa mdogo kuna mpango wa kodi ya asilimia 15, na kwa anayeanza biashara mpya ni asilimia 5 miaka 5 ya kwanza, mpango huo mwisho wake ni mapato ya euro 85,000 kwa mwaka ambayo mi hata robo sijawahi kuiona. Unalipa na mhasibu. Kwaiyo unapiga ubatizo, unapiga sahani za pizza za mgahawa, jumapili unapiga kwaya za Waafrika, maisha yanaenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha ninazozipenda haziwafikii wenyewe. Asubuhi mapema naenda Porta Palazzo, soko la wazi kubwa sana, kuna Wamorocco, Wanigeria, Waromania, Wachina, Wapiemonte, wenyeji wa mkoa ule, wazee na mboga zao, mi kwangu pale ndo Torino. Ila ukinyanyua kamera watu wanageuza uso, na wana haki, wengine hawana karatasi na picha inaweza kuwaletea shida. Na sheria yao ya mwaka 1941 ya haki za kazi za sanaa inasema sura ya mtu huionyeshi hadharani bila ridhaa yake, kuna misamaha yake ila kimsingi ndo hivyo. Naikubali sheria hiyo kabisa. Lakini nimetoka Mtwara, mahali ambapo nikimpiga mama anayeuza ming'oko, viazi pori vya kwetu, neno lake la kwanza ni "utaniletea lini?" na nisipomletea ananidai mpaka kwa mama yangu.

Alafu kuna Balon. Ni gulio la vitu vya zamani la jumamosi, nyuma ya hilohilo soko. Mara ya kwanza nimefika nikakuta maboksi ya picha za familia, harusi, watoto wa komunyo, askari, bibi kakaa kwenye kiti na paka, zinauzwa kwa senti kadhaa au euro moja, hakuna jina nyuma, hakuna wa kumuuliza. Nilisimama pale muda mrefu. Mtu kafa, nyumba imemwagwa, na bibi wa watu yuko kwenye boksi la viatu anasubiri mnunuzi. Nilinunua tatu nikazibandika kwangu kwa sababu nilishindwa kuziacha. Siku hiyohiyo nikaamua picha ya bibi yangu wa Newala, ambayo nilikuwa nimempiga safari iliyopita na ilikuwa imelala tu kwenye hadi disiki, naisafisha kubwa na anaipata mkononi akiwa hai.

Nikaipeleka maabara moja hapo Torino, ya wataalamu, mashine kubwa, karatasi nzuri. Bibi akatoka wa kijivu. Kama kapakwa majivu! Nembo zake za Kimakonde za mashavuni na kwenye paji hazipo, zimemezwa. Nikawarudishia, mara ya pili akatoka giza, macho na meno tu. Jamaa akaniambia kwa upole mashine imepimwa vizuri, tatizo ni faili. Nililipa zote mbili.

Hapa nieleze maana najua kuna vijana wanaojifunza kazi watasoma. Mashine ya kamera na ya kusafishia ikiachwa ijiamulie yenyewe inachukulia kwamba ukichanganya kila kitu kwenye picha utapata kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaa fremu inadhani picha ina giza, inaongeza mwanga, mtu anakuwa majivu. Weka mtu huyohuyo mbele ya ukuta mweupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, mtu anakuwa mkaa. Na miaka mingi maabara za filamu zilikuwa zinapima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, waliita kadi ya Shirley, akitoka yeye vizuri basi mashine iko sawa. Sisi hatukuwepo kwenye kipimo.

Sasa mwezi wa saba nimekuja nyumbani harusi ya mdogo wangu. Nimekuja na karatasi ya posta tu, ile risiti ya kuomba kibali, maana kibali changu kipya hakijatoka, na ukiwa na hiyo karatasi hairuhusiwi kupita nchi nyingine ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja, ndo maana nikapitia Addis Ababa. Mama akaniambia kwani we si umpelekee mzee wa picha. Nikaenda bila matumaini, flashi yenye faili mkononi.

Studio ni chumba kimoja na pazia. Kompyuta moja, printa ya Epson ya matangi ya wino rangi sita, na ukutani picha nyeusi na nyeupe alizosafisha mwenyewe enzi za chumba cha giza na taa nyekundu. Yupo kijana wa kompyuta na yupo mzee. Siku hiyo mzee alikuwa ameenda kuswali, kijana akapokea faili, na hapa ndo nusu nyota yangu ilipoondokea. Akamsafisha bibi uso. Simaanishi kusafisha picha, namaanisha alimlainisha ngozi, akamuongezea weupe, na nembo zote akazifuta moja moja kama chunusi. Akaniita kwa furaha dada njoo uone. Jamani nilishikwa na kitu kooni. Sikuweza hata kumgombeza, najua wateja wengi ndo wanachoomba, kila anayeingia pale anataka atoke mweupe.

Mzee akarudi, akavaa miwani, akaangalia kioo cha kompyuta muda mrefu. Akamwambia yule kijana, "Mwanangu, hayo si madoa. Huyu mama aliumia kuyapata." Akafuta kazi yote, akafungua faili langu mwanzo. Alafu akaniuliza swali ambalo miaka tisa ya Torino hakuna aliyewahi kuniuliza, "Bibi yako mweusi wa namna gani, wa mpingo au wa tende?" Nikamwambia wa mpingo, ule uliopigwa msasa kidogo. Akatikisa kichwa akaanza.

Namna alivyofanya ni hivi. Hakutoa picha nzima, alikata kipande chembamba cha uso, shavu na jicho na ncha ya kilemba, akatoa vipande vitatu kila kimoja na kipimo chake cha mwanga. Akavichukua akatoka navyo nje, maana chini ya ile taa ya tyubu ya ndani rangi inadanganya, akavishika kivulini tukaangalia wote. Cha kwanza kizito, cha tatu kimepauka, cha pili karibu. Akarudi akaongeza mwanga kidogo sana kwenye shavu la kushoto peke yake, akiongea mwenyewe kwamba zamani hapo angeweka kiganja chini ya taa. Kivuli cha kilemba hakukigusa. Dakika arobaini kwa picha moja na foleni ipo nje! Ikatoka A3, nyeusi ya mpingo, nyeusi yenye mwanga ndani yake, na kila nembo imesimama na kivuli chake unaweza kuihesabu.

Nikamwomba na picha nne ndogo za kibali, polisi wa kule wanazitaka siku ya alama za vidole, mandhari meupe, milimita 35 kwa 45. Wengi hapo ndo wanakuwa mkaa. Mzee akanisimamisha mbali na shuka nyeupe, hatua mbili hivi, uso nikaelekeza mlangoni, akanishikisha ubao mweupe chini ya kidevu usioonekana kwenye picha. Mlio nje ya nchi mnaohangaika na hizi picha jaribuni hii kitu hata nyumbani, inafanya kazi.

Bei nilizolipa: picha ndogo nne 5,000, ya inchi 4x6 shilingi 1,000 kila moja, A3 ilikuwa 15,000. Torino kwenye kibanda cha mashine picha ndogo tu ni euro 7 hivi. Nilitaka kumuongeza mzee hela akakataa, akasema leta picha nyingine.

Mapungufu mengine yapo na niyaseme. Umeme ukikatika kazi inasimama, hana jenereta, mi nilirudi kesho yake kuchukua. Fremu anazouza sizipendekezi, ndoano ya nyuma ni dhaifu na picha inagusana na kioo, kwa unyevu wa pwani yetu baada ya masika inanata na ukiivuta inachunika. Nunua fremu kwa fundi seremala alafu mwombe aweke vipande vya kadibodi pembeni ili picha isiguse kioo. Na msiende msimu wa korosho kuanzia mwezi wa kumi, hela ikiingia kila mtu ana harusi na unyago, mzee anaelemewa na utaangukia kwa kijana. Ukiangukia kwa kijana mwambie kabla hajagusa, usimguse uso. Anasikia, ni mtoto mwelewa, nilipoondoka nilimkuta anavitazama vile vipande vitatu mlangoni.

Kingine, msimtumie mzee picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa inapoteza ubora, itume kama dokumenti au peleka flashi.

Picha nimeipeleka Newala mwenyewe. Bibi haoni vizuri siku hizi, akaiweka mapajani, akaisogeza karibu na mlango, akapitisha kidole kwenye nembo za kwenye karatasi alafu akapitisha shavuni kwake, akarudia, akasema, "Wameziona." Akaniagiza niandike jina lake nyuma, na la mama yake, na la kijiji. Nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika.

Nimesafisha nakala ya pili, narudi nayo Torino kwenye begi la mkononi nimeizungushia kanga. Naipeleka palepale maabara, nataka waitundike pembeni ya ile mashine yao.