Bembea za programu: uzoefu wangu kwenye bustani moja ya ufukweni Mwanza

Hii nimeiandika mara mbili nikafuta. Mara ya kwanza hasira zilikuwa nyingi mno, mara ya pili mume wangu alichungulia simu akacheka. Ya tatu naituma ilivyo.

Jina la bustani silitaji, sitaki kesi. Ni bustani ya umma, ipo upande wa ziwani, ina miti mikubwa na mawe yetu haya ya Mwanza. Ukikaa jioni unaona mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake. Inatosha.

Mimi ni mama lishe, niko Kirumba karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Saa kumi alfajiri jiko limeshawaka. Kwa hiyo nikisema nilifunga biashara Jumamosi nzima ili nitoke na watoto, mjue nilichotoa siku ile si kiingilio peke yake. Nina mapacha, Kulwa na Dotto, wana miaka sita. Kulwa ni mtu wa mawe na mijusi. Dotto ni mtu wa bembea. Kuna mwenzake darasani alimwambia kule ziwani kuna bembea nne, basi wiki nzima nyumbani hatukupumua. Anaoshwa miguu, bembea. Anakula, bembea. Usiku anaota, anarusha miguu, ananipiga mimi.

Ilikuwa kwenye kipindi cha vuli, siku moja mvua iliyoamua kutuachia. Getini nililipa shilingi 1,000 yangu na 500 kwa kila mtoto. Risiti hakuna, karatasi ya mashine imeisha. Nikanyamaza, sikuja kugombana. Kwenye ukuta wa geti kuna maandishi ya rangi, kazi nzuri kweli, fundi aliyechora apewe maua yake: PROGRAMU YA WATOTO, JUMAMOSI NA JUMAPILI, SAA NNE ASUBUHI. Michezo, nyimbo, kuchora. Chini kimechorwa kitoto kiko kwenye bembea kinacheka meno yote nje. Ilikuwa saa nne na nusu hivi. Nikamwambia Dotto, tumewahi.

Mwalimu hakuwepo. Nyimbo hazikuwepo. Bembea zilikuwepo, nne kweli, ila zote zimevutwa upande mmoja, mbao zimebanwa pamoja kama mzigo wa kuni, zikafungwa kwenye nguzo kwa mnyororo wa pikipiki na kufuli kubwa kuliko kiganja cha mwanangu. Pembeni kiti cha plastiki, juu ya kiti kijana wa fulana ya kijani, filimbi shingoni.

"Kaka, pole na kazi. Hizi bembea vipi?"

"Nimeshapoa, mama. Hizo ni za programu."

"Programu gani?"

"Programu ya watoto."

"Sasa hawa ni nini?"

Akawaangalia. Nasema kweli, aliwaangalia mmoja mmoja kama anayetaka kuhakikisha.

"Hawajaandikishwa."

"Waandikishe basi."

"Anaandikisha mratibu."

"Mratibu yuko wapi?"

"Jumamosi huwa haji."

"Si programu ni Jumamosi?"

"Ndiyo, mama."

Nimeuza ugali mwaloni miaka 11. Nimeshatukanwa na wavuvi waliokesha ziwani wakakosa hata kilo, nimeshakimbiwa na watu waliokula sahani mbili, na jibu sikuwahi kukosa. Siku ile nilikosa. Na hakuwa mkali, hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mkali ningejua pa kuanzia. Alikuwa mpole kabisa, kama ananieleza ratiba ya meli.

Nikauliza ufunguo. Anao mratibu.

Dotto hakulia. Alikwenda akaushika mnyororo kwa mikono miwili, akautikisa kidogo, akanusa viganja vyake. Akaniletea na mimi ninuse. Kutu. Kisha akakaa chini ya nguzo palepale, mgongo kwa ziwa.

Saa zilizofuata zilikuwa za filimbi. Kulwa akipanda jiwe, piii. Wakikanyaga majani, piii, ingawa yale majani kwa sehemu kubwa ni udongo. Kuna mjusi dume alikuwa anaota jua juu ya jiwe, wale wenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, watoto wanamwita Spaidamani. Jina lake la kisayansi limebeba Mwanza yetu, hilo nilimsikia mwalimu mmoja akiwaeleza wanafunzi. Kulwa alilala kifudifudi mita mbili kutoka kwake, kimya, hata kupumua anaiba. Mjusi anatikisa kichwa, Kulwa naye anatikisa. Piii! Mjusi kaingia ufa wa jiwe. Kulwa kanigeukia na uso ambao sijui niuelezeeje. Nikauliza, kosa lake nini hapo? Nikaambiwa kulala chini hakuruhusiwi.

Mara moja tu nilimpa yule kijana haki yake. Watoto wa familia nyingine walivua viatu wakaingia majini, akapiga filimbi, akaenda mwenyewe kuwatoa. Sawa. Kichocho hakina utani ufukweni mwetu, konokono wamejaa kwenye majani ya pembeni, na mtoto hawezi kukiona kinachoingia kwenye ngozi. Lakini bango la kuonya hakuna. Onyo lote liko kwenye filimbi ya mtu mmoja, akienda haja ndogo watoto waugue.

Nikiwa nimekaa pale nikaona na kibaraza cha zege cha kuuzia soda, kimejengwa karibu na maji kiasi kwamba ukidondosha kizibo kinaelea. Sisi wa mwaloni ukisimamisha banda la mabati tu, utaimbiwa mita 60 za kutojenga kando ya maji na Sheria ya Mazingira ya 2004 mpaka uikariri. Basi, nisitoke nje ya mada. Mada yangu ni bembea.

Tukala tulichobeba, sato wa kukaanga na chapati, na nikaanza kuwaandaa watoto kwa ajili ya kuondoka. Ilikuwa imegonga saa tisa. Ndipo yakaingia matarumbeta.

Harusi. Magari matatu, pikipiki yenye mtu wa video amekaa kinyume, wapambe wa zambarau, bibi harusi na gauni lake la mkia mrefu. Walikuja kupiga picha. Mpiga picha akaangaza huku na huku, akaona nguzo za bembea na ziwa nyuma yake, akamfuata yule kijana. Wakapeana mikono, na mkono wa mpiga picha ulichelewa kidogo kutoka. Kijana akasimama, akaingiza vidole kwenye mfuko wa suruali yake mwenyewe, akatoa ufunguo umefungwa uzi mwekundu.

Mfukoni mwake. Tangu saa nne na nusu.

Nilisimama. Sauti yangu ya kuitia wateja ninaijua, inavuka barabara ya lami. Nikasema, "Kaka! Mratibu kafika?"

Matarumbeta yalikata. Wapambe wakaanza kuchekea viganjani. Kijana akasema taratibu, "Mama, hawa wamelipia."

"Na mimi?"

"Wewe umelipia kuingia."

Mengine niliyosema sitayaandika, watoto wangu watajua kusoma siku si nyingi. Nilichoambulia ni kwamba bibi harusi alinisikia. Alikuwa ameshakalia ubao, akauliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Nikamwonyesha Dotto chini ya nguzo. Akamwita kwa mkono. Mpambe mkuu akaruka, "Dada, gauni!" na kweli miguu ya Dotto ilikuwa na udongo mpaka magotini. Bibi harusi akasema, "Gauni lenyewe la kukodi, njoo mama." Akampakata.

Walikwenda na kurudi mara saba. Nilihesabu. Bembea ilikuwa inalia kule juu, nyii-nyaa, nyii-nyaa, mkia wa gauni unafagia udongo, na Dotto hakucheka kama yule wa ukutani. Alifumba macho. Alishika mnyororo na kufumba macho mara zote saba.

Wakashuka, wakapiga na za kwenye mawe, wakaondoka. Kufuli likarudi mahali pake.

Nilitaka kuandika malalamiko palepale. Sanduku la maoni lipo karibu na choo, nalo lina kufuli, na kwenye tundu la kutumbukizia karatasi nyigu wamejenga. Nikiwa nimesimama nalitazama, mama mmoja mtu mzima anayefagia majani akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nami nikamwitikia. Akaegemea fagio lake akanieleza kilicho nyuma ya pazia.

Kuna mtoto aliwahi kuanguka. Si vibaya sana, mkono ulitenguka. Kulabu za juu zimelika, zikaandikiwa barua, ikaagizwa bembea zifungwe mpaka zibadilishwe. Hazikubadilishwa, kwa sababu pesa za getini anakusanya mzabuni, naye anasema mkataba wake ni kukusanya tu. Programu ni ya ofisini, na mwalimu aliyekuwa anaiendesha alihamishwa, hakuletwa mwingine. Majani ni ya vibarua kama yeye. Mabenchi ya chini yalimezwa na maji ziwa lilipofurika 2020, yalipoibuka hakuna aliyeyadai kuwa yake. Na yule kijana ni kibarua wa kutwa vilevile. Mtoto akianguka tena, wa kwanza kufukuzwa ni yeye. Neno programu alipewa alitumie, maana akiwaambia watu kwamba bembea ni mbovu, watu watauliza pesa zao zinakwenda wapi.

Nikapoa. Niseme ukweli, niliona hata aibu. Nikaenda nikasimama chini ya ule mtambo nikatazama juu. Baba yao ni fundi wa kuchomelea kule Mabatini, chuma kilicholika nakijua. Pale pete inapokaa ndani ya kulabu, chuma kinasugua chuma kila mtoto anapokwenda na kurudi. Kimeliwa mpaka kimebaki ubapa mwembamba unaong'aa kama kijiko kilichonolewa. Hakijatiwa grisi pengine tangu siku ya uzinduzi. Jioni nilipomweleza mume wangu alisema ni kazi ya nusu saa, kukata ya zamani, kuchomelea mpya, kisha mtu mmoja awe anazitazama kila wiki. Mtu mmoja, na kopo la grisi.

Kwa hiyo nilitoka getini nimeshamsamehe yule kijana. Hata kwaheri nilimpa. Nilishapanga kichwani nitakavyoandika: bustani nzuri, mlinzi mwelewa, wakubwa ndio tatizo.

Tukapanda daladala. Tumefika mahali, Dotto kasinzia mapajani kwangu, ndipo akili ikanirudia. Ile kulabu iliyolika. Ile iliyovunja safari yangu asubuhi kwa sababu ni hatari. Kampandishia bibi harusi mzima, mwenye afya zake, na mwanangu juu yake, mara saba, na mimi mama mtu nimesimama nahesabu na kutabasamu. Alijua. Alijua, akafungua kwa ajili ya ile iliyopita mkononi. Mikono ilinitetemeka mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa.

Sasa niwape nyota ngapi? Ningeweza kusema msiende, lakini nitakuwa mwongo, maana kile kivuli na ule upepo wa saa kumi na moja mjini hapa hamtaupata kwingine kwa shilingi 1,000. Choo kilikuwa kisafi, yule mama anastahili mshahara wa mratibu. Kuna walionishauri niwapeleke watoto kisiwa cha Saa Nane badala yake. Saa Nane nimefika, boti inatokea Capri Point na hukai sana majini, ni pazuri, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Swala wapo, pimbi wapo. Lakini mtoto wa Kirumba hapandi boti kwenda hifadhi ya taifa kutafuta ubao na minyororo miwili. Hivyo ni vitu vya kuwa karibu na nyumbani, na vilikuwepo, nimeviona, vimefungwa.

Bustani nyota nne. Mratibu ambaye sijamwona, sifuri. Yule kijana nilimpa mbili, nikaifuta moja, na sasa naandika nafikiria kumrudishia, kwa sababu wale watoto wa majini aliwatoa kwa mkono wake na suruali yake ikalowa.

Dotto anataka kujua bibi harusi anarudi lini. Jumamosi hii siwezi, nina oda ya watu wa mwaloni, labda ile inayofuata. Mume wangu amenikatia kamba ya katani mita kumi na ubao ameshautoboa. Ile miti ya pale ina matawi manene. Kijana aje na filimbi yake.