Matairi ya Mazda Roadster: ukiwa Nakuru, tafuta 84 kabla ya kuuliza bei

Lalamiko ni lile lile na kila msimu wa mvua linarudi. Mtu amevalisha Roadster yake, gari dogo la Mazda la viti viwili na paa la kufunguka, matairi manne mapya, saizi sahihi, kampuni yenye jina, halafu gari limegeuka. Linarukaruka kwenye matuta ya barabara ya Njoro, usukani umekuwa mzito bila kukueleza chochote, na mvua ikishika kule Londiani mkia unateleza kwenye kona ambazo zamani lilizipita likiwa limetulia. Muuzaji anasema tairi jipya huhitaji kuzoea barabara. Ni kweli huhitaji, kilomita 200 hivi za mwendo wa upole mpaka utelezi wa kiwandani utoke juu ya mpira. Zikifika kilomita 2,000 na gari bado linaruka, sababu ni nyingine, na imeandikwa ubavuni mwa tairi mahali ambapo karibu hakuna anayepasoma.

Maana ya saizi, 195/50R16, kila fundi wa pancha anaijua, kwa hiyo naiacha. Tuangalie namba inayofuata.

Roadster ND (kizazi cha nne) ya lita 1.5 ilitoka kiwandani Japani ikiwa na Yokohama Advan Sport V105 za 195/50R16 84V. Hiyo 84 ni uwezo wa kubeba: kilo 500 kwa tairi moja. Herufi inayofuata ni daraja la kasi tu. Sasa piga hesabu. Gari lenyewe ni kama tani moja, na ile S nyepesi kuliko zote ilitoka na kilo 990. Pakia watu wawili wazima na begi la safari ya Kisumu, bado hufiki kilo 1,200. Uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, kwa hiyo kila tairi linabeba kilo 300 au pungufu. Hata hiyo 84 ina nafasi ya kutosha na kusaza.

Ukienda dukani unakuta saizi ile ile, pengine hata jina lile lile, lakini imeandikwa 88V XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi. Maneno ya kukuuzia yako tayari: "Chukua hii, ni ngumu zaidi, barabara zetu unazijua." Hapo ndipo watu wanapopotezwa. 88 ni kilo 560, lakini kilo hizo zinapatikana tairi likijazwa upepo hadi 42 psi. La kawaida linapimwa kwa 36 psi. Ukiijaza hiyo XL 36 psi uwezo wake unashuka hadi karibu kilo 500, sawasawa na 84. Na Roadster haihitaji hata 36: kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema 200 kPa, yaani 29 psi. Kwa hiyo umenunua ubavu mgumu uliotengenezewa gari zito, ukaufunga kwenye gari jepesi, na uwezo uliolipia huutumii hata siku moja.

Madhara yake yanaonekana vizuri kwenye gari hili kuliko kwenye Subaru au Harrier. Springi za Roadster ni laini kwa makusudi, na ubavu wa tairi ni sehemu ya mpangilio huo. Ubavu ukikataa kujikunja, kila jiwe linapanda hadi kitini. Mpira nao haupati joto, kwa sababu tairi hupata joto kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na gari la tani moja halina nguvu ya kulikunja. Asubuhi ya baridi Mau Summit, mpira usiopata joto haushiki lami.

Ule utetezi wa mashimo nao haunishawishi. Ubavu hupasuka pale ukingo wa shimo unapoubana dhidi ya rimu, na kinga ya kwanza ni kimo. 195/50R16 ina ubavu wa milimita 97, na 205/45R17 ina 92. Ukiogopa mashimo, baki na rimu za 16.

Orodha yangu imekaa hivi.

Ya kwanza ni Yokohama, na sioni aibu kulipendelea jina hili. Advan Sport V105 ya 84V ndiyo iliyokuwa mkononi mwa wahandisi wa Mazda walipokuwa wakilitengeneza gari. Ikikosekana, uliza Advan Fleva V701 na usisitize 84. Usitegemee kuikuta rafuni Nakuru. Ni ya kuagiza, na subira yake inalipa. Sifa inayonipeleka kwake ni namna inavyoachia: inalia kwanza, inateleza kidogo, unairudisha. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma linahitaji tairi linalotoa onyo.

Ya pili ni Bridgestone Potenza Adrenalin RE004. Kwenye lami kavu haiko nyuma, ubavu wake ni mgumu kidogo kuliko nipendavyo, lakini duka linaloshughulika na Bridgestone ni rahisi kulipata mjini.

Ya tatu itawashangaza wengi: Michelin Pilot Sport 4 au 5, kwa wenye RF, ile ya paa gumu, yenye rimu za 17. Kwenye maji ni tairi bora. Lakini 205/45R17 yake ni 88Y XL, wakati gari lenyewe linataka 84W. Ndiyo maana nimeishusha. Ukiichukua, baki na 29 psi, usikubali kuongezwa.

Advan Neova AD08R na Potenza RE-71RS ni za mashindano. Kwenye mpira wa namna hiyo alama ya kudumu (TREADWEAR ubavuni) ni 180 hadi 200, maana yake unaisha upesi, na kwenye mvua ya Kericho ya alasiri, lami ikiwa baridi, ni kujitafutia mtaro.

Matairi ya bei rahisi kutoka Uchina: kama bajeti imefikia hapo, chukua jipya lenye 84 na tarehe ya karibuni, uendeshe pole pole. Mtumba hapana.

Kuhusu wauzaji, nina neno. Saizi ya 195/50R16 si ya kawaida hapa, kwa hiyo utapewa 205/55R16 iliyojaa kila duka na kuambiwa "inaingia tu". Kuingia inaweza kuingia. Kipenyo chake kinazidi kwa asilimia 5: spidomita ikisema 100 uko 105, gia zote zinakuwa nzito, na kwa kawaida ni 91, kilo 615 kwa tairi. Halafu bei. Ukifika na gari limefunguliwa paa, bei hupanda kabla hujashuka. Uliza kwa simu, taja saizi na namba ya uzito tu, uliza kama VAT ya asilimia 16 imo ndani, na uombe picha ya ubavu. Duka likikataa kukutumia picha, tafuta lingine.

Kwenye picha hiyo tafuta pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, na likishafungwa zinaweza kutazama ndani, kwa hiyo zisome tairi likiwa chini sakafuni. Tairi lililokaa miaka mitano kwenye bohari lenye joto la Kisumu ni gumu hata kama halijagusa lami.

Waliotoka kuagiza gari Japani wachunguze na yale lililokuja nayo. Ukiona alama ya mlima wenye chembe ya theluji, hayo kwa kawaida ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini mno kwa joto letu, breki zinachelewa na meno yanakwisha haraka. Yatoe hata kama yanaonekana mapya.

Usingoje pia meno yafike alama ya mwisho ya milimita 1.6. Gari jepesi halina uzito wa kuyakata maji. Kanuni iliyotokana na utafiti wa NASA wa matairi ya ndege miaka ya 1960 inaonyesha kwamba tairi lenye 29 psi huanza kuelea kwenye karibu kilomita 90 kwa saa, maji yakiwa mengi kuliko meno yanavyoweza kuyatoa. Badilisha yakifika milimita 3.

Siku ya kufunga, kama umenunua mawili tu, mapya yakae nyuma. Mshale ubavuni ufuate mwendo wa gari, na penye neno OUTSIDE paelekee nje. Fanya balansi kwa magurudumu yote manne, kisha alainimenti. Kataa bunduki ya upepo kwenye nati, zikazwe kwa spana ya kipimo, Nm 110. Mwangalie fundi anapojaza: mazoea ni 35 hadi 40, na atakuambia 29 ni pancha. Mwonyeshe kibandiko cha mlangoni.

ND haina spea. Ina kompresa ndogo na chupa ya dawa ya kuziba, na chupa hiyo ina tarehe ya kuisha. Gari lililotoka 2018 na chupa yake ya awali huenda lina chupa iliyokwisha muda zamani, na hata ikiwa nzima haizibi ubavu uliochanika. Nunua chupa mpya pamoja na matairi, weka kwenye buti, na ukishaendesha kilomita 80 za kwanza simama ukaze nati tena.