Programu ya kutenganisha sauti na picha: nimetoa sauti, faili likanenepa

Ningeinyamazia hii programu kama si jibu la mtu wao wa huduma kwa wateja. Nitalifikia.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nina video ya mahojiano niliyorekodi kwa simu; nilitaka sauti itoke peke yake niiondoe kelele, picha ibaki peke yake, kisha nivirudishe pamoja. Faili la MP4 ni sanduku tu, mkondo wa picha na mkondo wa sauti vimo ndani. Kutenganisha ni kufungua sanduku ukatoa nguo. Nani kakutuma uzifue?

Hawa wanafua, yaani wanakandamiza upya picha na sauti badala ya kuzinakili zilivyo. Nimebofya, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma, nikaenda zangu kwenye shughuli nyingine, narudi mstari haujafika hata nusu. Ilipomaliza, faili la picha tupu lilikuwa kubwa kuliko video nzima niliyoanza nayo. Jamani! Umetoa kitu, kilichobaki kikazidi uzito? Na sauti yangu ilikuwa ya muundo wa AAC, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde (Hz); nimekabidhiwa muundo mwingine, MP3 ya 44,100 Hz, bila kuulizwa. Ukikandamiza upya namna hiyo kuna kinachopotea, na hakirudi.

Hilo ningelimeza. Lakini kuunganisha sasa: mwanzoni sawa, kufika katikati mzungumzaji anafunga mdomo, neno ndiyo kwanza linatoka. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) inayopanda na kushuka. Hii programu ikalazimisha 30 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho, mambo yakaharibika.

Nikawaandikia kwa adabu, na mafaili nikaambatanisha. Jibu: "Ndugu mteja, tunashauri utumie kompyuta yenye nguvu zaidi." Kompyuta! Nikauliza tena, je, kuna mahali pa kunakili mkondo kama ulivyo bila kuubadilisha? "Soma maelekezo." Nimeyasoma. Sehemu kubwa inaeleza namna ya kulipia toleo kamili.

Haki isemwe, sura yake inapendeza, mawimbi ya sauti yanaonekana vizuri, na kwa kukata kipande cha mlio wa simu inatosha kabisa. Nilikuwa nimeshaipa nyota tatu. Kisha nikajaribu FFmpeg, programu ya bure unayoiandikia amri badala ya kubofya, ipo tangu mwaka 2000. Amri ya mstari mmoja: -vn kuacha picha, -c:a copy kunakili sauti ilivyo. Kufumba na kufumbua, faili la sauti, .m4a, hilo hapo. Kwa picha ni -an na -c:v copy, nayo ikatoka hapo hapo. Haina vitufe wala rangi, na anayeanza itamtisha kidogo, sikatai. Ila midomo na maneno vinakwenda pamoja mpaka mwisho wa mahojiano.

Basi nyota moja. Na hiyo ni ya aliyechora sura ya programu. Yule wa huduma kwa wateja asijigawie hata ncha.