Uzoefu wangu na antivairasi iliyoizuia kompyuta yangu kuwaka

Nina steshenari ndogo karibu na chuo, na kazi yangu kubwa ni kuchapa na kutoa nakala za ripoti ambazo wanafunzi huzileta kwenye flashi. Flashi hizo ndizo zilizonifanya ninunue programu mpya ya antivairasi kwa leseni ya mwaka mmoja, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikiviachia vile virusi vinavyoficha mafolda ya mteja na kuweka njia za mkato mahali pake. Naeleza yaliyonipata nilipoisakinisha kwenye laptopu yangu ya Windows 10, kwa kuwa maelezo ya muuzaji hayakuyagusa kabisa.

Kusakinisha kwenyewe kulichukua dakika chache, kisha nikatakiwa kuiwasha kompyuta upya. Nembo ya Windows ilitokea, vile vitone vikazunguka kidogo, halafu skrini yote ikawa ya bluu, ikionyesha msimbo wa hitilafu na chini yake jina la faili linaloishia na .sys. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikarudi palepale. Ilikuwa wiki ya kukusanya ripoti, na wanafunzi watatu walikuwa wamesimama kaunta wakisubiri.

Jina lile la faili ndilo lililonifumbua macho. Herufi zake za mwanzo zilifanana na jina la antivairasi mpya, nikajua kuwa ni draiva yake, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows, wala si diski iliyokufa kama alivyodhani jirani yangu fundi simu. Antivairasi hupakia draiva zake mapema sana Windows inapoanza, kabla hata ya mtu kufika mahali pa kuandika nywila, na antivairasi mbili zikiwamo katika kompyuta moja huweza kugombania kazi ileile. Ya zamani nilikuwa sijaiondoa, na kisakinishi cha hii mpya hakikuuliza. Hitilafu ya namna hii si jambo dogo: tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la programu ya ulinzi liliangusha kompyuta milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft.

Baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa, Windows ilileta yenyewe menyu ya marekebisho. Nikaingia kwenye mipangilio ya kuwasha, nikabonyeza namba 4 ili kompyuta iwake katika hali salama, ambayo hupakia draiva za lazima tu, na kweli ikawaka. Nilipojaribu kuiondoa programu ilikataa, maana huduma ya Windows inayosakinisha na kuondoa programu nyingi haifanyi kazi katika hali hiyo. Kilichoniokoa ni kuurejesha mfumo kama ulivyokuwa siku moja kabla, jambo lililowezekana kwa sababu ulinzi wa mfumo, ule unaotunza kumbukumbu za hali ya Windows ili uweze kuirudia, nilikuwa nimeuwasha mwenyewe siku niliyoinunua laptopu. Kwenye kompyuta nyingi huja umezimwa. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 40. Nyaraka za wateja hazikuguswa, kwani urejeshaji huu hubadilisha programu, draiva na mipangilio tu. Mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data za diski, awe ameandika pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa sababu anaweza kuulizwa hapo.

Huduma kwa wateja walinijibu siku ya tatu wakinishauri nisakinishe Windows upya, ushauri ambao sikuufuata. Niliiondoa kabisa antivairasi ya zamani kwa zana ya watengenezaji wake, nikaiwasha kompyuta upya, ndipo nikaisakinisha mpya, na tangu hapo inawaka bila shida. Juzi ilinasa kirusi kwenye flashi ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mafolda yake yote yakaonekana tena pale pale mbele yake. Kwa kunasa virusi naipa nyota nne. Kisakinishi chake nakipa moja, na sitaongeza mpaka watengenezaji wakifanye kikague kama kuna antivairasi nyingine kabla hakijagusa kompyuta ya mtu.